Mara Ngapi kwa Siku

Montevideo, 3 Aprili 2019

Baba,

Jana ilikuwa dripu ya pili na sijui lolote. Najua basi lilikurudisha Paso del Sauce jioni. Najua barua hii itasafiri na dereva siku ya Ijumaa, na jibu lako litachukua siku zake. Kati ya leo na siku hiyo sina la kufanya ila kufikiri, na unanijua nikianza kufikiri.

Ungekubali kupanda kilimani simu yako inakoshika mtandao, ningekupigia. Simu ya duka la Bi Chela siiwezi tena. Mara ya mwisho nilipokuuliza hali ya kovu lile la upasuaji nyuma ya sikio, nilisikia mtu akicheka nyuma yako na mwingine akiagiza misumari.

Ulisema nisije mpaka nimalize mtihani wa tarehe 15 Mei. Nimetii. Basi na wewe nitii kwa jambo moja. Daktari alituambia sote wawili, tukiwa tumekaa mbele yake: dawa hii haiendi kuua saratani yenyewe, inawaamsha askari wa mwili waipige. Na askari wakiamka vibaya huwapiga hata wenyeji. Ngozi, ini, mapafu, utumbo. Ndiyo maana ulipewa ile kadi ya manjano ya kumwonyesha daktari yeyote utakayekutana naye. Ndiyo maana muuguzi Mirtha hupiga simu dukani kila Jumatatu. Ukiona kitu, kiseme. Hata kikiwa kidogo. Hata kikiwa cha aibu.

Usiniandikie "niko salama". Niandikie kila kitu.

Binti yako,
Anahí


Paso del Sauce, 8 Aprili 2019

Mwanangu Anahí,

Umesema kila kitu. Haya, shika.

Nilitoka saa kumi na moja alfajiri. Shangazi yako alinifungia mkate na mayai kana kwamba naenda vitani. Chumba cha dripu kina viti saba vikubwa, vya kulalia nusu. Unakaa, wanakuchoma mkono, mfuko wa kwanza, unasubiri, mfuko wa pili, unasubiri, kisha unaambiwa nenda nyumbani. Mtu aliyeko nje hawezi kujua umefanywa nini. Hata mimi sijui.

Kinachoniudhi ni bango la ukutani: ni marufuku kupokezana kibuyu cha yerba, chai yetu ya kila siku. Wanaume watano tumekaa, kila mmoja ananyonya mrija wake, hatutazamani, kama ndugu waliogombania urithi. Maisha yangu yote sijawahi kunywa yerba hivyo.

Kiti cha jirani yangu ni cha mzee Hebert Fagúndez, mwoka mikate wa Rincón del Ceibo. Yeye ni figo, mimi ni ngozi, ila mifuko yetu inafanana. Ni shabiki wa timu ya Nacional, masikini. Nilimwambia, "Hebert, askari wako wataamka lini, na timu yako yenyewe bado imelala?" Akajibu, "Waldemar, wewe ulijenga nyua za waya miaka thelathini na tano bila kofia. Usimfundishe mtu akili."

Safari hii hatukumaliza utani. Mirtha alipokuja na maswali yake (vipele? kikohozi? choo mara ngapi kwa siku?) Hebert alimvuta mkono akamnong'oneza kitu. Mirtha akaita daktari. Wakamtoa kwenye kiti kabla hawajamchoma. Aliniachia kofia yake nimtunzie. Hakurudi kuichukua, nikamkabidhi mlinzi.

Mimi nilijibu hapana, hapana, mara moja. Ndiyo kweli yenyewe.

Soma vitabu vyako.

Baba yako,
Waldemar


Paso del Sauce, 20 Aprili 2019

Anahí mpenzi,

Shangazi yako bado nipo, magoti yananilaumu tu. Jana Ijumaa Kuu nilitoka kwenda kuchuma maua ya chai ya marcela kabla jua halijagusa umande, kama bibi yako alivyotufundisha, maana iliyochumwa baada ya jua ni nyasi tu. Nilikutana na jirani yetu Nilda na binti zake huko kwenye mteremko, kila mtu na kikapu chake, hakuna aliyesema neno mpaka kulipopambazuka.

Mwaka huu nimechuma mafungu sita. Kwa kawaida mawili yanatutosha hadi Pasaka nyingine, lakini lile lililobaki la mwaka jana kaka amelimaliza lote wiki iliyopita. Anakunywa asubuhi, anakunywa mchana, hata ndani ya kibuyu cha yerba anatia. Nikamwambia, "Wewe utachipua maua masikioni." Akacheka, lakini kidogo.

Nakutumia fungu moja na dereva. Likaushe kichwa chini. Litakutuliza tumbo siku ya mtihani.

Shangazi Eloísa


Montevideo, 24 Aprili 2019

Baba,

Fungu la marcela limefika. Liko mezani, chumba kizima kinanukia nyumbani, na mimi siwezi kulitazama.

Marcela ni ya tumbo. Nilipewa nikiwa na miaka minne, nikiwa na miaka saba, na asubuhi ile Mama alipozikwa. Mtu hamalizi fungu zima kwa wiki moja kwa sababu anapenda harufu yake. Tumbo linakuendesha tangu lini? Mara ngapi kwa siku?

Jana umepata dripu ya tatu. Kama walikupa, maana yake Mirtha alikuuliza na wewe ukamjibu kitu. Ulimjibu nini?

Nimesoma tena karatasi za daktari, zile ulizosema zimejaa maneno ya kutisha watu. Zimeandikwa wazi. Kuhara kwa dawa hii si kuhara kwa nyama iliyolala. Ni utumbo wenyewe unapigwa na askari wale tuliowaamsha. Chai inaweza kukutuliza mkato wa tumbo ukadhani umepona, kumbe ukuta wa utumbo unaendelea kuwaka. Dawa yake ipo, Baba. Ipo! Lakini lazima wajue mapema.

Mimi husoma sentensi mara tatu kabla ya kuamini. Hii nimeisoma mara ishirini. Nijibu kwa namba.

Anahí


Paso del Sauce, 27 Aprili 2019

Anahí,

Unamwandikia baba yako kama polisi anayeandika maelezo. Nacheka, lakini usirudie.

Marcela ni ya ini pia. Nimekula kondoo siku mbili kwa Nilda na mafuta yamenikaa. Ndiyo hivyo.

Sasa nisikilize, kwa sababu jambo hili sitalisema mara mbili, na dukani siwezi kulisema kabisa. Mirtha akipiga simu, Bi Chela huzima redio. Na wateja wote wanasikiliza! Wanasimama na chupa zao za mafuta wakisubiri Waldemar aeleze amekwenda chooni mara ngapi. Nasema "mbili". Mtu mzima atasema nini?

Lakini si hilo tu. Jumanne, kiti cha Hebert kilikaliwa na mama mmoja mwenye soksi za sufu. Nikamuuliza Mirtha, "Mwoka mikate yuko wapi?" Akainamisha macho: "Siruhusiwi kusema habari za mgonjwa mwingine, Don Waldemar." Nimeng'oa nguzo nyingi maishani mwangu. Najua inayokwenda kupandwa pengine na inayokwenda kuwa kuni. Hebert alisema. Kwa mdomo wake alisema, nikiwa pembeni yake, na wakamtoa kwenye dawa. Asiye kwenye dawa amebaki na nini? Mimi mapafuni nina madoa manne. Dawa hii ndiyo ya mwisho kwenye kabati lao, daktari alisema, na wewe ulikuwepo.

Kwa hiyo mimi sina kitu. Na ningekuwa nacho, nisingekisema mpaka ile ya nne iwe imeingia mwilini, tarehe 14. Baada ya hapo waulize wanachotaka.

Choma hii barua.

Waldemar


Montevideo, 30 Aprili 2019

Shangazi,

Usimwambie Baba kwamba nimekuandikia.

Jana nilimpigia Mirtha. Nilimwomba, nikamlilia, sina aibu. Akaniambia, "Binti, nimempigia asubuhi. Amesema mbili. Akisema mbili naandika mbili. Nikimtumia gari, atalirudisha. Nipatie kitu cha kumwonyesha daktari, nami nitamleta daktari huyo nimemshika mkono."

Wewe unaishi naye. Choo kiko nyuma ya chumba chako. Niambie ni mara ngapi, na kama kuna damu. Namba tu, kwenye karatasi tu.

Nimemwandikia pia mzee Hebert, mwoka mikate, Rincón del Ceibo. Sina anwani zaidi ya hiyo. Baba anaamini kwamba walimwacha afe kwa sababu alisema. Nataka Hebert mwenyewe amwandikie kwamba yu hai na anamtukana.

Nimeanza kusikia saa ya ukutani. Sikuwahi kujua kwamba inatoa sauti.

Anahí


Paso del Sauce, 3 Mei 2019

Anahí,

Ameniapisha juu ya kaburi la mama yetu. Idadi siiandiki. Mimi ni mtu wa kanisani na wewe unajua.

Lakini kuhusu kufua hakuniapisha.

Jumatatu nimefua shuka mbili na suruali mbili. Jumanne shuka tatu. Jumatano kulikuwa na baridi ya kukata vidole na bado nimefua mara nne, kamba imejaa mpaka Nilda alipopita akaniita, "Eloísa, umefungua hoteli?" Nikacheka naye. Nikaingia ndani nikakaa juu ya gunia la mahindi.

Mkanda wake ametoboa matundu mawili mapya kwa msumari. Mchuzi wa malenge ninaompikia anampa mbwa akidhani sioni. Njia ya kwenda chooni imekuwa tope kwa maji anayomwaga akijiosha, na mvua haijanyesha tangu Pasaka.

Shuka ya jana, Alhamisi, haikufika kambani. Sabuni haikuiweza ile rangi. Nimeichoma nyuma ya banda la kuku.

Mungu anisamehe kama hii ni kuvunja kiapo. Nimesema habari za kufua tu.

Eloísa


Rincón del Ceibo, 4 Mei 2019

Binti Anahí Bentancor,

Barua yako kwa mume wangu nimeifungua mimi. Hebert alifariki tarehe 15 Aprili. Nisamehe kwamba unapata habari hii hivi. Hapa kijijini wote wanajua, nimesahau namna ya kumwambia mtu asiyejua.

Umeandika kwamba baba yako anaamini Hebert aliachwa kwa sababu alisema. Nimeisoma mara nyingi sentensi hiyo. Nilitaka kukasirika nikashindwa, kwa sababu hata mimi, siku za kwanza, nilitafuta mtu wa kulaumu.

Nitakwambia ilivyokuwa, na umsomee baba yako. Wiki tatu nzima Hebert alimwambia muuguzi "mara mbili". Hakuwa akidanganya kabisa, alikuwa akihesabu za mchana tu. Mwoka mikate anafanya kazi watu wakiwa wamelala, na zile za kazini alizihesabu kama jasho. Siku moja nilikuta amebeba kiti kidogo akakiweka karibu na mlango wa choo, ili asichoke kwenda na kurudi. Nikamuuliza, "Hebert, hiki nini?" "Napunga upepo, Nair." Nikampikia wali mweupe. Nikanyamaza. Niliogopa kama yeye, kwamba wakijua watamnyima dawa.

Aliposema, tarehe 2, utumbo ulikuwa umetoboka. Wakampasua siku hiyo hiyo. Wakapigana naye siku kumi na tatu. Daktari kijana alinikalisha akaniambia, "Mngekuja wiki mbili kabla, tulikuwa na dawa ya kuutuliza." Alisema kwa upole sana. Ningependa angefoka.

Na kuna hili. Walimpiga picha kabla ya upasuaji. Uvimbe wa figo ulikuwa umepungua nusu.

Dawa ilikuwa inafanya kazi, binti yangu. Sina la kuongeza.

Nair de Fagúndez


Hospitali, wodi ya wanaume, 22 Mei 2019

Bi Nair,

Mimi ndiye Waldemar, yule wa kiti cha jirani. Nimechelewa kukupa pole. Mkono ulikuwa na sindano mpaka juzi.

Barua yako kwa binti yangu nilisomewa nikiwa chooni. Choo chetu ni cha mbao na kiko nje. Jumanne tarehe 7 asubuhi nilikuwa humo, na nilikuwa humo kwa muda mrefu, nikasikia sauti yake nje. Alipaswa kuwa Montevideo, kwenye vitabu. Nikadhani homa imenipanda kichwani.

"Baba, toka."

"Umefuata nini huku? Nenda ndani unywe kitu."

"Toka."

"Anahí, mwache mtu apumue!"

"Basi usitoke. Sikiliza."

Akasoma. Alikuwa akisoma kama shuleni, kwa sauti moja, bila kulia, na mbao zile zina nyufa kiasi cha kuingiza kidole, kwa hiyo nilisikia yote. Alipofika pale pa "za mchana tu", mimi huku ndani nilishika ukuta. Nilikuwa nimefanya hesabu hiyo hiyo kwa namna yangu: mimi nilihesabu zile zilizonifikisha chooni, zilizonikuta njiani sikuzihesabu. Alipofika pa figo akasoma polepole. Akarudia mstari ule.

Nikasema, "Kumi na nne."

"Kumi na nne nini?"

"Tangu jana asubuhi. Na damu."

Nilitaka anitukane. Nilisikia tu akikaa chini, pale pale kwenye tope.

Dada yangu alikimbia dukani, na magoti yale, akamwambia Bi Chela mbele ya watu wote apige simu, na akaitaja idadi kwa sauti ya kanisani. Gari lilifika baada ya muda wa saa mbili. Mirtha alikuwa amesimama mlangoni mwa hospitali na daktari. Wamenitia dawa ya kuwatuliza askari, nyingi, siku tano, haikutosha, wakaongeza nyingine. Ukuta wa utumbo haukutoboka. Daktari alinionyesha kwa vidole viwili ulivyokuwa umebaki mwembamba. Sitaki kuuona tena ule mwanya.

Dripu ya nne sikupata na sitaipata. Wameniambia waziwazi: kwangu dawa ile imekwisha. Wanasema askari waliokwisha kuamka huenda wakaendelea na kazi bila kuchochewa. Huenda. Nalala na neno hilo, naamka nalo.

Nimekuandikia ili niombe radhi. Niliuchukua ugonjwa wa mumeo nikaufanya kisingizio changu. Nilisema amekufa kwa kusema. Sikuwa na haki hata ya kudhani amekufa.

Kofia yake iko kwa mlinzi wa chumba cha dripu, mzee mmoja aitwaye Ariel. Mwambie umetumwa nami.

Waldemar Bentancor


Montevideo, 9 Juni 2019

Baba,

Shangazi anasema umeongezeka kilo mbili na uso wako umevimba kama mkate kwa zile dawa. Anasema pia kwamba husemi.

Mtihani nitaufanya Agosti. Acha kuomba msamaha kwa Shangazi ili aniambie mimi.

Bi Nair ameniandikia kwamba pale kwenye tope ulitaka nikutukane. Nilikuwa nakutukana, ndani kwa ndani, matusi ambayo hujui kama nayajua. Nikaogopa kwamba nikifungua mdomo yatatoka yote, na wewe ukifa yatakuwa maneno yangu ya mwisho kwako.

Picha za mapafu ni lini? Karatasi inasema Juni, haisemi tarehe. Unaijua na hujaniambia. Naona namna unavyokwepa, Baba, ni namna yangu.

Anahí


Paso del Sauce, 13 Juni 2019

Mwanangu,

Picha wamekwisha kupiga. Jumatatu iliyopita. Nilikwenda peke yangu nikamwambia shangazi yako naenda kununua waya.

Bahasha ilikuwa tayari Jumatano. Mwanamke wa dirishani alinipa mkononi, ni haki ya mgonjwa kuchukua. Nilikaa nayo kwenye benchi la kituo cha mabasi, basi moja likaondoka, la pili likaondoka. Nikarudi nikamrudishia. Nikamwambia, "Mpe daktari, mimi sisomi." Anajua nasoma. Alinitazama akaiweka chini ya kaunta.

Naogopa, Anahí. Sikuogopa hivi nilipokuwa natoka damu. Wakati ule kulikuwa na kitu cha kuficha, na kuficha ni kazi, inamshughulisha mtu. Sasa sina kitu cha kuficha, na mchana ni mrefu. Nakwenda kwenye ua wa Nilda nakaza waya ambao haujalegea. Nikikohoa, nasimama nasikiliza kikohozi. Jana nilimpigia Mirtha mwenyewe, dukani, redio imezimwa, wote wamesimama. Nikamwambia, "Leo sina tumbo, sina vipele. Nina hofu." Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu Februari. Bi Chela akaanza kupanga chupa zilizokwisha kupangwa.

Daktari ataifungua bahasha Jumanne tarehe 18, saa tatu asubuhi, chumba cha mwisho kushoto. Nimeuliza kama naweza kuja na mtu. Wamesema ndiyo.

Njoo. Usiniambie itakuwa vizuri, hujui, na mimi sijui. Njoo uwe ndani ya chumba. Akisema neno nisilolielewa, uliza wewe, maana mimi nitaitikia tu kwa kichwa.

Usichelewe. Mimi nitakuwa pale tangu saa kumi na mbili, kabla hawajafungua. Nyumbani siwezi kukaa.

Baba yako,
Waldemar